Msumeno wa kukunja wa kambini: chagua kwa kutazama kuni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro na mlezi wa skauti shuleni kwetu. Tunapiga kambi mara kwa mara, vijana kama thelathini, siku mbili tatu, zaidi kwenye mashamba na misitu ya vijiji chini ya Uluguru. Kuni na nguzo tumekuwa tukikata kwa panga. Sasa wazazi wamechanga fedha tununue misumeno ya kukunja. Duka moja wana mifupi yenye meno makubwa, ile ya kupogolea miti. Duka jingine wana mmoja wa Kijapani ambao bei yake ni mara kadhaa. Mtandaoni kila mtu anasifia chapa yake. Tununue upi, na mingapi? Na ukiisha makali, fundi wa kunoa pale sokoni ataumudu?

JIBU: Mwalimu, kwa kambi uliyoieleza nunua misumeno miwili ya kukunja yenye bapa la milimita 170 hadi 210, meno ya kati, komeo linaloshika msumeno ukiwa wazi na ukiwa umekunjwa, na bapa linaloweza kubadilishwa. Fedha ikibaki, ongeza msumeno mmoja wa upinde wa kukaa kambini. Ile ya meno makubwa iache dukani, hata kama muuzaji anasema ndiyo inayotoka zaidi.

Anasema kweli kwamba inatoka, kwa sababu wanunuzi wake ni wakulima. Karibu misumeno yote ya kukunja inayouzwa kwetu imetengenezwa kwa kazi ya shambani na bustanini: kupogoa miembe, michungwa, mikahawa, na miti ya uani. Mkulima anakata mti mbichi. Wewe na vijana wako mnakata kuni zilizokauka. Hapo ndipo watu wa kambi wengi wananunua kitu kizuri kisichowafaa, na nitakaa hapo kwa muda kabla ya kugusa bei na chapa.

Mti mbichi umejaa maji. Nyuzi zake ni laini, na jino likipita linatoa vipande virefu vyenye unyevu ambavyo hujazana ndani ya mkato. Vipande hivyo vinahitaji mahali pa kukaa hadi vitoke nje, ndiyo maana msumeno wa kupogolea una meno makubwa yaliyoachana, na mapengo mapana kati ya jino na jino. Tawi lililokauka juani tangu masika ni kitu kingine kabisa. Nyuzi zimekaza. Unga unaotoka ni mkavu, mdogo, unadondoka wenyewe. Jino kubwa likikutana na ukuni wa namna hiyo linauma kwa kina kuliko nguvu za mkono, linakwama, kijana anavuta kwa hasira, linaachia ghafla na msumeno unaruka. Meno ya kati huwa mengi zaidi ndani ya mkato kwa wakati mmoja. Kila jino linachukua kidogo na msumeno unatembea kwa utulivu.

Na kuni zenu si laini. Matawi makavu ya migunga, ya miyombo, hata ya mikaratusi iliyoangushwa na kukaa muda mrefu, ni magumu kuliko msonobari ambao watu wa Ulaya na Marekani wanaujaribia misumeno yao wanapoandika sifa mtandaoni. Usishangae msumeno uliosifiwa kule kwamba unapita gogo kwa sekunde chache ukigoma kwenye ukuni wa mgunga. Mpingo ndio usiuguse kabisa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unaua meno ya msumeno wowote wa mkono, na isitoshe ni mti wa thamani unaotengenezwa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde. Kuuchoma chini ya sufuria ya ugali ni hasara kwa kijiji.

Namna ya kujua meno ya kati ni rahisi. Nenda dukani na rula ya wanafunzi. Iweke kando ya meno, hesabu yaliyomo ndani ya inchi moja, yaani takriban milimita 25. Ukipata manne hadi sita, huo ni wa miti mibichi. Saba hadi tisa ndiyo unayotaka. Kumi na mawili na kuendelea ni kazi ya mbao na mianzi: unakata vizuri sana lakini polepole mno kwa mtu anayesubiri chai. Wajapani huhesabu ndani ya milimita 30, kwa hiyo ukiona kwenye boksi namba yao, jua inazidi kidogo ile ya inchi. Kuna kanuni nyingine inayosaidia kwa fito na vijiti vya kufungia turubai: ndani ya mti unaoukata yawepo meno matatu au zaidi kwa wakati mmoja. Yakiwa pungufu, kijiti kinadaka kati ya meno mawili na kinatetemeka badala ya kukatika. Kwa meno saba ndani ya inchi, fito ya unene wa kidole gumba inakatika bila shida.

Sasa urefu. Watu hununua mrefu wakidhani watakata magogo. Kanuni ya kawaida ni kwamba bapa liwe angalau mara mbili ya unene wa mti, ili upate nafasi ya kuvuta na kurudisha bila ncha kuingia ndani ya mkato. Bapa la milimita 180 basi linafaa mti wa sentimita 8 au 9. Ni kidogo? Fikiria mnavyopika. Kwenye mafiga matatu ukuni haukatwi vipande vifupi. Unaingizwa ncha, unaungua, unasukumwa ndani. Ukuni wa mita moja na nusu wenye unene wa kifundo cha mkono unapika maharage mpaka yakaiva, na hakuna aliyeukata mara sita. Wazungu wanaokata magogo mafupi wanafanya hivyo kwa ajili ya majiko yao ya chuma ya ndani ya hema, na kwa sababu ya baridi ya usiku kucha. Ninyi mnahitaji msumeno wa kutenganisha tawi na gogo lililoanguka, kulipunguza libebeke, na kukata nguzo kwa vipimo. Kazi yote hiyo ni ya bapa la kati. Kuni nene zaidi ya hapo, mkiwa na msumeno mdogo, ziacheni zilipo. Zinawaka polepole, zina moshi, na zinawachosha watoto bure.

Bapa likiwa limejipinda kidogo kwa ndani linauma vizuri tawi lililo juu ya kichwa, kwa sababu uzito wa mkono unaliingiza lenyewe. Likiwa limenyooka linatawalika zaidi ukikata kitu kilicholala chini, na linakata nguzo sawasawa. Kwa kuwa hamtakuwa mnapanda miti, chukua lililonyooka.

Nije kwenye huo wa Kijapani. Msumeno wa seremala tuliouzoea unakata ukisukumwa. Kinachosukumwa kinataka kupinda, hivyo bapa lake lazima liwe nene au pana. Msumeno wa Kijapani unakata ukivutwa. Ni kama ukili: ukiuvuta unanyooka, ukiusukuma unajikunja. Kwa kuwa kuvuta kunalinyoosha bapa, fundi anaweza kulifanya jembamba sana, na bapa jembamba linatafuna sehemu ndogo ya mti. Unatoa unga kidogo, unatumia nguvu kidogo, unamaliza mapema. Hiyo ndiyo siri yote ya sifa zake, na ni ya kweli.

Jambo la pili kwenye misumeno hiyo ni namna meno yanavyopata nafasi. Msumeno wa kawaida meno yake yamepindwa, moja kushoto, moja kulia, ili mkato uwe mpana kuliko bapa na bapa lisibanwe. Uinue usawa wa jicho uutazame kwa urefu, utaona safu mbili. Ile bora ya Kijapani haikupindwa meno. Bapa limesagwa likawa nene kidogo upande wa meno na jembamba upande wa mgongo, hivyo linapita bila kubanwa na mkato unabaki laini kama uliopigwa randa. Kwa kuni, ulaini huo hauna faida yoyote. Kwa nguzo za daraja la skauti, ambazo lazima zikae vizuri ndani ya kamba, unaona tofauti.

Chapa inayojulikana zaidi ni Silky, inayotengenezwa mji wa Ono, mkoa wa Hyogo, na kampuni iliyoanza mwaka 1919. Kwa kambi, miwili yao inatajwa kila mahali: Pocketboy yenye bapa la milimita 170, na Gomboy ya milimita 240. Pocketboy inauzwa kwa meno makubwa, manane ndani ya milimita 30, na kwa meno ya kati, kumi ndani ya milimita 30. Kwa kuni zenu chukua ya kumi. Gomboy ni nzuri sana mikononi mwa mtu mzima mmoja anayejua kuvuta. Kwa kikundi cha vijana ninaiogopa kidogo, kwa sababu bapa refu jembamba halisamehe: kijana aliyezoea msumeno wa karakana ya shule anasukuma kwa nguvu, bapa linapinda, na likishapinda halinyooki tena vizuri; likiwa na bahati mbaya linakatika.

Kwa sababu hiyo, kama ukiupata, ningeanza na Bahco Laplander. Asili ya Bahco ni Uswidi. Bapa lake ni la milimita 190, meno saba ndani ya inchi, na uzito wote ni takriban gramu 200, mwepesi kuliko panga lolote. Meno yake yanakata ukivuta na ukisukuma. Kwa mkono uliozoea kuvuta tu si wa haraka kama Silky, lakini bapa lake ni nene zaidi na linavumilia mikono inayojifunza. Kwenye kundi la vijana thelathini, uvumilivu huo una thamani kuliko kasi. Kwa ufupi: Laplander mbili kwa vijana, au Laplander moja na Pocketboy moja ya kukaa na wewe au na kiongozi wao mzoefu.

Usipoziona, au bei ikizidi mchango, chukua isiyo na jina kubwa, lakini iangalie kwa mikono yako mwenyewe. Usiagize picha. Hesabu meno kama nilivyosema. Pitisha jicho kwenye safu ya meno uone kama yamelingana urefu. Jino moja refu litakwama kila mvuto. Kisha kaa sana kwenye komeo.

Komeo ndilo linalolinda vidole. Fungua msumeno mpaka usikie umeshika. Shika mpini kwa mkono mmoja, weka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa kaunta, ukandamize kana kwamba unataka kuukunja bila kubonyeza kitufe. Usikubali hata dalili ya kuteleza. Halafu shika ncha ya bapa, kwa upande ulio butu, uitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana kunavumilika, na kama kwenye kiungo kuna skrubu unaweza kukaza nyumbani. Kama kiungo kimegongwa ribiti na tayari kinacheza kikiwa kipya, baada ya kambi mbili kitakuwa kinayumba. Mwisho ukunje, ujaribu kuufungua bila kugusa kitufe. Watu wengi husahau kipimo hiki. Msumeno usio na komeo la kuukalisha umekunjwa utafunguka ndani ya begi, na mwanafunzi atakayeingiza mkono kutafuta tochi usiku ndiye atakayeukuta.

Mpini uwe na mpira au plastiki yenye mikwaruzo, kwa sababu jasho la Morogoro linateleza, na uwe mrefu kiasi cha kuingia mikono miwili ya kijana. Mingi inakuja na rangi ya kijani au nyeusi, ambayo ikianguka kwenye majani makavu inapotea machoni. Zungusha utepe mwekundu kabla ya safari ya kwanza.

Kuhusu idadi. Mlezi mwenye fedha kidogo hushawishika kununua misumeno sita ya bei ya chini ili kila kundi liwe na wake. Sikushauri. Mikono sita yenye meno wazi kwa wakati mmoja inahitaji macho sita ya watu wazima. Misumeno miwili, kila mmoja na eneo lake la kukatia lililozungushiwa kamba, inatosha kuni za watu thelathini, hasa mkiwa na ule wa upinde.

Msumeno wa upinde ni ile fremu ya bomba la chuma yenye bapa jembamba lililovutwa katikati. Haukunjiki, ni wa bei nafuu, na maduka ya vifaa vya ujenzi wanao. Chukua wenye bapa la milimita 530 au 610. Huo ndio wa gogo la sentimita 15, na vijana wawili wanaweza kuuvuta kwa kupokezana, mmoja kila upande. Hapa tena kuna la kuangalia: bapa zake zinauzwa za aina mbili. Moja ina meno ya pembetatu yaliyofuatana bila kuachana. Hiyo ni ya miti mikavu. Nyingine, baada ya kila meno kadhaa, ina pengo kubwa na jino la namna nyingine linalokwangua unga. Hiyo ni ya miti mibichi. Bahco wanazitofautisha kwa namba, 51 kwa kavu na 23 kwa mbichi. Fremu ya dukani inaweza kuwa imefungwa ya mbichi; ikiwa hivyo, mwulize muuzaji kama anayo nyingine, au nunua pembeni na uibadilishe nyumbani. Ni kulegeza mkono wa fremu tu.

Panga usilitupe. Linabaki bora kwa vijiti vyembamba, kusafisha njia, na kupasua ukuni kwa kuligonga mgongo kwa kipande cha mti. Kile msumeno unachowaondolea ni kukata tawi nene kwa kulipiga, ambako panga linahitaji nafasi pande zote na linarusha vipande machoni. Msumeno unakata mtu akiwa amepiga goti, na aliye hatua tatu pembeni yuko salama.

Ulivyouliza kuhusu fundi wa sokoni: kwa misumeno hii ya kisasa, jibu ni hapana, na si kwa kukosa ujuzi. Meno yake yamepashwa moto mkali wa umeme kwa muda mfupi mno na kupozwa, yakawa magumu sana kwenye ncha huku bapa likibaki laini lisivunjike. Utayatambua kwa rangi ya buluu au nyeusi kwenye ncha za meno. Tupa ya fundi inateleza juu yake. Yeye atasaga tupa yake na wewe utalipa bure. Meno hayo yanadumu muda mrefu kuliko ya kawaida, na yakiisha unabadilisha bapa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa ni kama ana bapa la akiba la msumeno huo huo. Akiwa nalo, linunue siku hiyo hiyo. Akiwa hana wala hajui litapatikana wapi, hesabu kwamba unanunua msumeno wa kutupa, na ulinganishe bei kwa hesabu hiyo. Ukikuta msumeno wa kukunja ambao meno yake yana rangi moja na bapa lote, huo fundi anaweza kuunoa kwa tupa ya pembetatu. Utaisha makali mapema, lakini utanoleka miaka mingi. Kwa shule iliyo mbali na mji huo si uchaguzi mbaya hata kidogo.

Kinachomaliza meno haraka huku kwetu si ugumu wa miti. Ni udongo. Tawi lililolala chini limeshapandwa na mchwa, na ile njia yao ya udongo iliyobandikwa juu ya gamba imejaa chembe za mchanga. Msumeno ukipita hapo, mivuto michache inafanya kazi ya siku nzima ya kukata. Wafundishe vijana wakwangue udongo wa mchwa kwa mgongo wa panga mpaka gamba lionekane, na waliinue tawi juu ya jingine kabla ya kukata, ili msumeno ukimaliza usichimbe ardhi. Mizizi isikatwe kabisa kwa misumeno hii.

Baada ya kazi, ulimbo uliogandia kwenye bapa unafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kausha, pakaza mafuta ya cherehani kidogo sana kwenye bapa na kwenye kiungo, kunja. Milima ya Uluguru ina unyevu, na bapa lililokunjwa likiwa na maji ndani ya mpini linapata kutu usiku mmoja. Ukirudi nyumbani lifungue, likae wazi siku nzima sehemu kavu kabla ya kuliweka stoo.

Mafunzo yenyewe yafanye shuleni, kabla ya safari. Majeraha mengi ya misumeno hii hayatokei kwenye mkono unaovuta. Yanatokea kwenye mkono ulioshika ukuni, mwanzoni, meno yanaporuka kutoka kwenye gamba kabla mkato haujakaa. Hii nayo ni sababu ya kukimbia meno makubwa, kwa kuwa ndiyo yanayoruka zaidi. Kijana avae glovu nene ya ngozi kwenye mkono wa kushikia, auweke mbali na mkato kwa urefu wa kiganja na zaidi, aanze kwa mivuto mifupi myepesi mitatu minne kuelekea kwake, mpaka mfereji mdogo utokee. Ndipo avute kwa bapa zima. Nguvu iwe kwenye kuvuta. Kurudisha ni kurudisha tu.

Msumeno ukibanwa, asitumie nguvu. Atazame tawi limebebwa wapi. Lililoegemea ncha mbili likiwa hewani katikati, linajikunja kwenda chini, hivyo mkato wa juu unajifunga na kulibana bapa. Akate theluthi kutoka juu, kisha amalizie kutoka chini. Lililoshikwa upande mmoja tu, kama tawi linaloning'inia kwenye mti ulioanguka, ni kinyume: theluthi kutoka chini kwanza, halafu juu, la sivyo linachanika na kuvua gamba mpaka kwenye shina. Mkiwaeleza hili kwa fito mbili na mawe mawili uwanjani, hawatasahau. Na msumeno haupokezanwi ukiwa wazi. Unakunjwa, komeo linalia, ndipo unatoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Kuna miti isiyokatwa hata ikionekana kavu. Wowote unaotoa maziwa meupe, kama mnyaa, uachwe. Utomvu wake ukiingia jichoni unachoma vibaya, na moshi wake hautakiwi jikoni.

Jambo la mwisho ni la ruhusa, na nalitaja kwa sababu mtakuwa wageni na watoto wanatazama mnachofanya. Kwenye misitu ya kijiji, mwenye neno ni serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Nenda mapema, eleza idadi ya watu na kuni mnazohitaji, na waulize ni miti gani wameizuia katika sheria zao ndogo. Kwenye misitu ya hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali hata kwa mazao yanayoonekana madogo, na ofisi ya kuulizia ni ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru msikate chochote, hata tawi lililokufa, kwa kuwa tawi hilo ni makazi ya vinyonga na vyura wasiopatikana kwingine. Hifadhi za Taifa nazo ni hivyo hivyo. Moto wa Oktoba 2020 ulioteketeza eneo kubwa la uoto wa Mlima Kilimanjaro unaonyesha kwa nini walinzi hawana mjadala kwenye suala la moto, hasa kiangazi.

Siku mtakapopanda kuingia hifadhini, misumeno ibaki imekunjwa kwenye kambi ya chini pamoja na mlezi mmoja, na juu mpike kwa mtungi mdogo wa gesi.